Wachezaji wa Akiba: Wakubaliwe Wangapi?

Jioni hii nataka kusema nanyi habari za mpira wa miguu. Najua wako wazee watakaonung'unika na kusema, "Je, mwalimu huyu hana neno la maana kuliko mpira?" Nawaomba wanivumilie kidogo. Neno nitakalolisema ni dogo kwa umbo, walakini limevunja urafiki wa vijiji viwili nivijuavyo, nami mwenyewe limeniachia jambo ambalo sijalisahau hata leo.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kutazama mchezo katika kiwanja kimoja cha pwani, kusini ya mji wa Bagamoyo, upande wa njia iendayo Dar es Salaam. Zawadi ilikuwa beberu mmoja mnene, naye alifungwa chini ya mwembe akila majani, pasipo kujua kwamba watu 22 walikuwa wakimgombania. Hata ilipofika dakika ya 70, kila upande ulikuwa umepata bao moja. Ndipo wageni walipotaka kumwingiza mchezaji wa sita wa akiba. Wenyeji wakapiga kelele, "Haiwezekani! Sheria ni watano!" Wageni wakajibu, "Watano ni wa ligi kubwa. Huu ni mchezo wa vijiji, kila mtu aingia." Refa alipoulizwa, maskini, akasema kwamba hapana mtu aliyempa hesabu yo yote kabla ya mchezo. Maneno yakazaa maneno, jua likatua, na mpira ukaisha bila ya kuisha. Mbuzi akarudishwa zizini kwa mwenyewe, na tangu siku ile vijiji vile viwili havijacheza pamoja.

Basi nilipokuwa nikirudi nyumbani nilijiuliza: Kati ya pande mbili zile, ni upande gani uliokuwa na haki? Na wachezaji wa akiba wakubaliwe wangapi? Jibu si la kubahatisha. Lina historia yake, nayo yafaa kusimuliwa.

Sheria za mpira zilipoandikwa huko London katika mwaka 1863, hazikutaja mchezaji wa akiba. Karibu miaka mia ikapita, na katika mashindano makubwa ya Uingereza desturi ilikuwa ni hii: walioanza 11 ndio watakaomaliza. Mmoja akivunjika mguu, wabaki 10. Wawili wakiumia, wabaki tisa. Watu wengi waliona kwamba huo ndio ushujaa, na kwamba bahati mbaya ni sehemu ya mchezo kama mvua na jua.

Lakini tazameni ushujaa huo uliwagharimu nini watu. Katika mwaka 1956, katika mchezo wa mwisho wa kugombea Kombe la Uingereza, mlinda lango wa Manchester City aliyeitwa Bert Trautmann aligongwa shingoni zikiwa zimebaki dakika kama 17. Hapakuwa na mtu wa kushika mahali pake. Akaendelea kudaka huku ameishika shingo yake, na timu yake ikashinda kwa mabao 3 kwa 1. Siku chache baadaye madaktari wakampiga picha ya mifupa, wakaona kwamba shingo imevunjika. Mtu yule alikuwa amesimama golini mlangoni mwa mauti, na watu walikuwa wakimshangilia. Mwaka uliofuata, 1957, katika mchezo kama ule ule, mlinda lango wa Manchester United, Ray Wood, alivunjika mfupa wa shavu mapema kabisa. Ikabidi mchezaji wa ndani avae jezi yake na kusimama golini, na Aston Villa wakachukua kombe kwa mabao 2 kwa 1. Je, mshindi wa siku ile alipatikana kwa ustadi, au kwa mfupa wa shavu la mtu?

Hata Pelé, ambaye jina lake halihitaji kuelezwa kwa mtoto ye yote wa pwani hii, alionja uchungu huo. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1966, Brazil walipocheza na Ureno, alipigwa miguuni mpaka akawa akichechemea. Kwa kuwa hapakuwa na ruhusa ya kumbadili, alibaki kiwanjani kama taa iliyokwisha mafuta. Brazil wakafungwa mabao 3 kwa 1, na safari yao ikaishia pale.

Wakati huo wenye ligi ya Uingereza walikuwa wamekwisha kuanza kufikiri upya. Katika mwaka 1965 walikubali mchezaji mmoja wa akiba, tena kwa ajili ya aliyeumia tu. Wa kwanza kuingia kwa kanuni hiyo alikuwa Keith Peacock wa Charlton Athletic, tarehe 21 Agosti 1965, baada ya mlinda lango wao kuumia walipokuwa wakicheza na Bolton Wanderers. Kanuni ile ilikuwa njema, lakini ilikuwa na mlango wa hila. Nani ajuaye maumivu ya mwenziwe? Mchezaji mchovu aweza kujitupa chini, akaushika mguu, akalia, ili atolewe. Kwa hiyo, baada ya muda, sababu haikuulizwa tena: mwalimu wa timu akitaka kumbadili mtu, na ambadili. Kisha katika Kombe la Dunia la mwaka 1970, huko Mexico, kila timu ikaruhusiwa kubadili wachezaji wawili.

Hapa nawaomba mtege masikio, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu. Tarehe 17 Juni 1970, katika mji wa Mexico, Ujerumani Magharibi walicheza na Italia katika nusu ya mwisho ya kombe hilo. Mchezaji wao mkubwa, Franz Beckenbauer, aliteguka bega. Ruhusa ya kubadili wawili ilikuwapo, lakini wote wawili walikuwa wamekwisha ingia. Akiba imekwisha! Basi Beckenbauer akafungwa mkono wake kifuani kwa kitambaa, akaendelea kucheza hivyo hivyo, mpaka Italia wakashinda kwa mabao 4 kwa 3 baada ya muda wa nyongeza. Watu wanaisimulia habari hiyo kama hadithi ya mashujaa. Mimi kila niisikiapo, najikumbuka mwenyewe.

Kwa maana mimi nilifanya kosa lililo jamii moja na hilo, nami sikuwa Mexico. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya pwani, na siku hiyo tulicheza na shule jirani. Tulikuwa tumepatana kubadili wachezaji watatu. Tulikuwa nyuma kwa bao moja, nami kwa pupa ya kushinda nikawaingiza wote watatu kabla ya dakika ya 60. Hata dakika kumi hazikupita, mvulana wangu wa upande wa kushoto, mwana wa mvuvi, akageuka vibaya na goti likamtoka. Akaja kwangu pembeni akichechemea, akasema, "Mwalimu, naweza kusimama."

Wasikilizaji, sheria haikunilazimisha kumrudisha ndani. Timu yaweza kucheza na watu 10, na hata tisa. Mchezo hauwezi kuendelea pale tu timu ipungukiwapo hata haifiki watu saba. Nilipaswa kumwambia, "Keti, mwanangu." Badala yake nikamwambia, "Kasimame karibu na lango lao, uwasumbue tu." Mtoto mtiifu huenda atumwapo. Zilipobaki dakika chache mpira ukamfikia, akajilazimisha kuupiga, akaanguka. Bao halikuingia. Wenziwe walimbeba juu ya benchi lililotolewa darasani, maana machela hatukuwa nayo. Siku hizi yeye ni mtu mzima. Atembea, ashona nyavu, na ana watoto. Lakini mpira hakuucheza tena, wala baharini haendi. Tukikutana hunisalimu kwa adabu, "Shikamoo, mwalimu," wala hajanilaumu hata siku moja. Nayo "marahaba" nimjibuyo huwa nzito kinywani mwangu.

Toka siku ile nimefahamu kwamba swali letu lina pande mbili. La kwanza ni hili: wangapi wakubaliwe? La pili, ambalo watu hulisahau, ni hili: kwa kazi gani? Mchezaji wa akiba ana kazi mbili. Kazi moja ni kumpumzisha aliyechoka na kugeuza namna ya kucheza. Kazi ya pili ni kumwokoa aliyeumia. Timu ikiitumia akiba yake yote kwa kazi ya kwanza, haibakiwi na kitu kwa kazi ya pili. Nahodha wa jahazi atokaye Bagamoyo kwenda Unguja hachukui kamba zile tu zilizomo tangani. Huchukua nyingine akaiweka, wala haigusi mpaka siku ya dhoruba.

Sasa turudi kwenye hesabu. Katika mwaka 1995 wakuu wa sheria za mpira walikubali wachezaji watatu, kwa sababu yo yote ile, na hesabu hiyo ikakaa kwa miaka 25. Kisha ukaja ugonjwa wa korona katika mwaka 2020. Ligi zilisimama, na ziliporudi, michezo mingi ilibanwa katika siku chache, na miili ya wachezaji haikuwa tayari. Basi mwezi wa Mei mwaka ule ikatolewa ruhusa ya muda ya kubadili watano. Katika mwaka 2022 ruhusa hiyo ikaandikwa katika sheria, iwe ya kudumu kwa mashindano yatakayoitaka. Lakini iliwekewa mpaka wa busara: watano hao waingizwe kwa kusimamisha mchezo mara tatu tu, na wakati wa mapumziko hauhesabiwi. Mchezo ukifika muda wa nyongeza, mashindano yaweza kuruhusu mmoja zaidi. Tena tangu mwaka 2024 sheria inaruhusu mashindano kukubali mtu mwingine, nje ya hesabu ile, kwa ajili ya aliyegongwa kichwani. Na timu ya pili hupewa nafasi kama hiyo, ili haki isipotee.

Je, watu wote waliifurahia hesabu ya watano? La. Huko Uingereza timu za ligi kuu zilirudi kwenye watatu katika mwaka 2020, zikakataa watano kwa misimu miwili, mpaka zilipokubali kwa msimu ulioanza mwaka 2022. Waliopinga walisema hivi: timu tajiri ina wachezaji hodari hata nje ya mstari, lakini timu maskini ina hodari 11 tu. Ukiruhusu watano, tajiri aingiza simba watano wenye nguvu mpya, na maskini aingiza watoto wake. Neno hilo si la kudharauliwa. Hata katika vijiji vyetu, kijiji kikubwa chenye vijana 100 si sawa na kitongoji chenye vijana 15.

Lakini mimi naliona jambo hili kwa upande mwingine pia. Mtu wa timu ndogo ndiye achokaye zaidi, maana hukimbia nyuma ya mpira alionao mwenziwe. Na aliyechoka ndiye aumiaye upesi. Kwa hiyo akiba humfaa maskini vile vile, kama atawaandaa watu wake mapema.

Tazameni jirani zetu wa visiwa vya Ngazija, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiswahili chetu. Nchi yao yote haifikii watu milioni moja. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Kameruni mwezi wa Januari 2022, wao waliingia kwa mara ya kwanza. Walipocheza na Ghana, mlinda lango wao Salim Ben Boina aliumia katika kipindi cha pili, akatolewa. Akaingia Ali Ahamada wa akiba, na Ngazija wakaishinda Ghana kwa mabao 3 kwa 2. Hapo mwone faida ya akiba: kama ingalikuwa ni mwaka 1957, mchezaji wa ndani angalilazimika kusimama golini.

Nalo jambo hilo likatokea kweli siku sita baadaye. Tarehe 24 Januari, huko Yaoundé, Ngazija walipaswa kucheza na wenyeji Kameruni. Kwa sababu ya majeraha na korona, hakupatikana hata mmoja katika walinda lango wao watatu. Mchezaji wa nyuma, Chaker Alhadhur, akavaa jezi ya mlinda lango, na nambari yake 3 ikabandikwa mgongoni kwa utepe. Tena nahodha wao akatolewa kwa kadi nyekundu katika dakika ya saba. Hata hivyo Alhadhur alizuia mipira ambayo wengi walidhani imekwisha ingia, na Youssouf M'Changama akafunga bao kwa mkwaju wa mbali. Walishindwa kwa mabao 2 kwa 1 tu. Afrika nzima iliwapigia makofi. Fundisho ni hili: sheria yaweza kukupa nafasi tano au kumi, lakini haikupi mtu. Mtu wa akiba hufundishwa nyumbani, kabla ya siku ya haja. Kila timu ya kijiji na imfunze kudaka angalau kijana wa pili na wa tatu.

Sasa nitasema shauri langu kwa michezo yetu ya vijiji na shule. Atakaye na alikubali, na mwenye shauri jema zaidi na alilete.

Kwanza, kwa watu wazima nasema watano, kwa kusimamisha mchezo mara tatu, kama sheria iruhusuvyo. Jua la pwani yetu si jua la Manchester. Mchezo uanzao saa kumi alasiri, katika mchanga, humkausha mtu kama samaki wa kuanikwa. Watatu ni wachache kwa hali hiyo. Lakini pasipo mpaka wo wote, mchezo hugeuka kuwa soko: huyu aingia, yule atoka, na refa hajui tena ni nani aliyeonyeshwa kadi. Hata wakubwa waliliona hilo. Mwezi wa Februari 2003, Uingereza walipocheza kirafiki na Australia, waliwabadili watu wote 11 wakati wa mapumziko, na mwaka uliofuata ukawekwa mpaka wa watu sita kwa michezo ya kirafiki ya mataifa.

Pili, katika hao watano, mwalimu na amweke mmoja asimguse mpaka dakika za mwisho, isipokuwa kwa aliyeumia. Hili si la sheria, ni la moyo. Na kama akiba imekwisha na mtu akaumia, atolewe, timu icheze pungufu. Bao hurudishwa Jumamosi ijayo. Goti halirudishwi.

Tatu, kwa watoto wa shule, sheria zenyewe zinaruhusu, kwa idhini ya chama cha mpira cha nchi, mchezaji aliyetolewa kurudi tena. Naipenda sana ruhusa hiyo. Mtoto haji kiwanjani ili akae juu ya jiwe kuwatazama wenziwe kila Jumamosi. Acheni waingie kwa zamu, wapumzike na kunywa maji, kisha warudi.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote: hesabu ipatanwe kabla ya mpira kupigwa. Manahodha wawili na refa wakutane, waseme ni wangapi, waandike majina ya wa akiba katika karatasi, nayo ikae mkononi mwa refa. Tena wahesabu vema. Mwezi wa Agosti 2021, timu kubwa ya Ujerumani iitwayo Wolfsburg ilicheza na timu ndogo ya Preußen Münster katika kombe la nchi yao. Wolfsburg walishinda kwa mabao 3 kwa 1 katika muda wa nyongeza. Lakini walikuwa wamewabadili watu sita, na kanuni ya kombe lile ilikuwa watano. Ushindi ukafutwa, na mdogo akasonga mbele. Basi ikiwa wenye makarani na vitabu hukosa hesabu, itakuwaje kwetu sisi tuhesabuo kwa vidole huku tukishangilia?

Sasa mtaniuliza, katika kisa cha yule mbuzi, ni nani aliyekuwa na haki? Nasema hapana. Wenyeji walitaja sheria ambayo hawakupatana nayo, na wageni walidai uhuru ambao hawakupewa. Ahadi ni deni, lakini deni halipo mahali pasipokuwa na ahadi. Dakika mbili za kunong'ona chini ya mwembe kabla ya mchezo zingaliokoa dakika 20 za mpira na miaka ya ujirani.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa vijiji vile viwili, kama wananisikia jioni hii: waiteni vijana wenu, wapatane hesabu, warudi kiwanjani. Nami, wakinialika, nitakuja na karatasi na kalamu, niketi pembeni niandike majina. Na mtoto akianguka, msimwulize kama aweza kusimama. Mtoeni.

Kwa herini, wasikilizaji wangu.